Presha ya Macho na Glaukoma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kwenye Benchi la Kliniki

Huu ni mwaka wa saba nampeleka mama kliniki ya macho. Tunatoka Luanda alfajiri, tunapanda matatu hadi Kisumu, tukishachukua namba tunaketi benchini na wenzetu waliotoka Siaya, Busia, Ahero na Kakamega. Saa za kungoja ni nyingi, na watu huulizana. Mimi si daktari. Maswali haya ni ya pale benchini na ya jamaa wanaonipigia simu usiku. Majibu nimeyapata kwa kuwauliza madaktari na wauguzi bila kuona haya, na kwa kusoma mpaka nikaelewa. Yakusaidie kwenda kupimwa ukijua unachokwenda kutafuta.

Presha ya macho ni ile presha ya damu iliyopanda mpaka machoni?

Hapana. Neno hili limetuponza wengi, kwa hiyo nitalikalia kidogo.

Mama alipoambiwa mara ya kwanza kwamba ana presha ya macho, alirudi nyumbani akaacha chumvi. Miezi miwili alikula mboga chapwa akiamini anajitibu, na chupa ya matone aliyopewa ikabaki kabatini bila kufunguliwa. Hakuna aliyemweleza, na mimi sikuuliza.

Jicho lina maji yake ndani. Si machozi, machozi hulowesha jicho kwa nje. Maji haya hutengenezwa nyuma ya ile sehemu ya jicho yenye rangi, hupita kwenye mboni kuja mbele, hulisha lenzi na konea (kile kioo cha mbele ya jicho) ambazo hazina mishipa ya damu, kisha hutoka kupitia kichujio chembamba sana kilichozunguka pale weupe wa jicho unapokutana na sehemu yenye rangi. Jicho hutengeneza kama mikrolita 2 hadi 3 kila dakika, hivyo maji ya chumba cha mbele hubadilika yote ndani ya saa moja na nusu hadi mbili. Yakiingia na kutoka kwa kiasi kilekile, jicho hukaa na ugumu wake wa kawaida. Kichujio kikianza kuziba, maji huendelea kutengenezwa vilevile, na ndani ya jicho panabana. Kubana huko ndiko presha ya macho.

Hupimwa kwa milimita za zebaki kama ya damu, na nadhani hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Lakini presha ya damu ya 120 haina uhusiano wa moja kwa moja na presha ya jicho ya 15. Unaweza kuwa na moja bila nyingine.

Kuna jambo moja linalounganisha magonjwa haya mawili, na watu wachache huambiwa. Presha ya damu ikishuka mno usiku, damu inayofika kwenye neva ya jicho, yaani mshipa wake wa fahamu, hupungua, na neva iliyokwisha kuumia huumia zaidi. Ukiwa unameza dawa za presha ya damu, hasa wakati wa kulala, mwambie daktari wa macho. Usiziache wala kubadilisha saa mwenyewe. Mwambie tu, yeye na daktari wako mwingine watazungumza.

Basi glaukoma ni nini?

Ni ugonjwa wa neva ya jicho, ule mshipa wa fahamu unaobeba picha kutoka nyuma ya jicho hadi kwenye ubongo. Neva hiyo ina nyuzi zipatazo milioni 1. Katika glaukoma nyuzi hizo hufa kidogo kidogo, na zikifa hazioti tena. Presha iliyozidi uwezo wa neva ndicho kisababishi kikubwa tunachokijua, na mpaka leo ndicho pekee ambacho dawa, leza na upasuaji vimethibitika kukipunguza kwa faida ya mgonjwa.

Hapa kwetu watu husema "presha ya macho" wakimaanisha ugonjwa wenyewe, na hata mimi husema hivyo. Ila ukiwa mbele ya daktari tenganisha: presha ni namba, glaukoma ni jeraha la neva. Unaweza kuwa na namba kubwa bila jeraha, na ukawa na jeraha huku namba ikionekana nzuri. Karibu kila swali linalofuata linarudi hapo.

Nimepimwa nikaambiwa 19. Si niko salama?

Huenda uko salama, lakini namba hiyo peke yake haiwezi kukuambia.

Tunaambiwa kawaida ni 10 hadi 21. Mpaka huo ulipatikana hivi: watafiti walipima watu wengi wenye macho mazima, wakaona wastani ni 15 au 16 hivi, na kwamba karibu wote wanaangukia kati ya 10 na 21. Ni hesabu ya umati. Haikutokana na kuuliza neva ya mtu fulani inavumilia kiasi gani. Kuna neva inayoumia kwa 17, na kuna inayovumilia 26 kwa miaka mingi bila kudhurika. Uchunguzi mkubwa uliofanywa Baltimore, Marekani, ulionyesha kwamba takriban nusu ya watu waliokutwa na glaukoma walikuwa na presha isiyozidi 21 walipopimwa mara ya kwanza. Tafakari hilo. Kama wangepimwa namba tu na kuambiwa waende nyumbani, nusu yao wangeondoka na ugonjwa bila kujua.

Isitoshe, presha ya jicho haitulii. Mtu mzima wa afya hupanda na kushuka kwa milimita kadhaa katika siku moja. Mwenye glaukoma anaweza kubadilika zaidi. Kwa wengi hupanda usiku wakiwa wamelala na alfajiri. Wewe umepimwa saa tano mchana, mara moja.

Kwa hiyo ukimaliza kupimwa, uliza hivi: "Daktari, umeiangalia neva yangu?" Huitazama kwa taa maalumu kupitia mboni, mara nyingi baada ya kukutilia dawa ya kuipanua. Katikati ya neva pana kishimo kidogo kama kikombe. Nyuzi zikifa, kikombe hupanuka. Kisha kuna kipimo cha uwanja wa kuona, ambapo unakaza macho mbele na kubonyeza kitufe kila unapoona kitaa kimewaka pembeni. Kinachosha, na mama hukilalamikia kila mara, lakini ndicho kinachoonyesha kama umeanza kupoteza. Siku ya kupanuliwa mboni nenda na mtu. Utaona ukungu kwa saa kadhaa, na jua la Kisumu la mchana litakuumiza macho.

Yangu ni 26. Nitapofuka?

Si lazima. Kama neva ni nzima na uwanja wa kuona ni mzima, hiyo huitwa presha ya juu ya macho bila glaukoma. Utafiti wa Marekani uliofuatilia watu zaidi ya 1,600 wa aina hiyo ulionyesha kwamba baada ya miaka 5, waliopata glaukoma miongoni mwa wasiopewa dawa walikuwa asilimia 9.5, na miongoni mwa waliopewa matone walikuwa asilimia 4.4. Maana yake ni mbili: wengi hawakuugua katika muda huo hata bila dawa, na dawa ilipunguza hatari kwa zaidi ya nusu. Daktari ataangalia umri wako, unene wa konea, sura ya neva na historia ya familia, ndipo aamue kama uanze dawa au ufuatiliwe. Ukiambiwa ufuatiliwe, rudi kwa tarehe uliyopewa hata kama huumwi.

Wanapimaje? Nimesikia wanagusa jicho na kitu.

Wengine hugusa, na haiumi. Unatiliwa tone la ganzi, kisha chombo kidogo kiitwacho tonometa kinagusa konea kwa sekunde chache. Kuna mashine nyingine inayopuliza upepo, na nyingine ndogo ya kushika mkononi inayogonga konea kwa kijisindano chenye ncha ya duara, nyepesi kiasi kwamba haihitaji ganzi.

Fikiria fundi wa boda boda akibonyeza tairi kwa kidole gumba kujua kama upepo unatosha. Akikuta tairi nene, litamdanganya kuwa limejaa hata kama upepo ni mdogo. Likiwa limechakaa na kuwa jembamba, atalihisi laini ingawa upepo umezidi. Konea ni vivyo hivyo. Wastani wa unene wake ni kama nusu milimita, na kwa kawaida sisi Waafrika huwa nayo nyembamba kidogo kuliko Wazungu. Kwa hiyo kwa wengi wetu mashine inaweza kusoma chini ya ukweli. Kliniki yenye kifaa cha kupima unene wa konea ikikutaka upimwe, kubali. Ni kipimo cha mara moja.

Legeza tai au kola iliyobana shingo kabla ya kupimwa, wala usizuie pumzi. Vyote hupandisha namba kwa muda.

Mbona sikuhisi chochote miaka yote hiyo?

Kwa sababu aina iliyo nyingi huku kwetu, ile ambayo pembe ya kufikia kichujio iko wazi lakini kichujio chenyewe kinaziba taratibu, haiumi, haiwashi, haifanyi jicho kuwa jekundu. Huanza kula pembeni, na katikati unabaki kuona vizuri sana. Mama alikuwa akitunga uzi kwenye sindano wakati tayari amepoteza sehemu kubwa ya jicho la kushoto. Tena macho mawili husaidiana: pale hili lisipoona, lile linaona, na ubongo hujaza palipobaki. Usitarajie kuona doa jeusi. Utakachoona ni picha iliyokamilika ambayo vitu vingine havimo.

Nikikumbuka nyuma, dalili zilikuwepo. Alianza kugonga bega kwenye fremu ya mlango. Akawa anamwaga chai nje ya kikombe. Akashtuliwa na pikipiki barabarani, akisema vijana wa siku hizi hawapigi honi. Sote tulisema ni uzee.

Ukitaka kujijaribu, funika jicho moja, tazama mbele, kisha lingine. Lakini usijipe matokeo kwa jaribio hilo. Kufikia pale unapogundua mwenyewe, mara nyingi nyuzi nyingi zimekwisha kufa.

Huu si mtoto wa jicho tu? Tulikuwa tunangoja uive.

Naomba usome jibu hili polepole.

Mjomba wangu alikuwa mtu wa Vihiga, fundi wa mbao. Macho yalipoanza kufifia alikwenda kwa muuza miwani, akauziwa miwani. Hakupimwa presha, hakutazamwa neva. Miwani haikusaidia, akaambiwa na majirani ni mtoto wa jicho, angoje ukomae ndipo utolewe. Alingoja karibu miaka mitatu. Alipofika kwa daktari wa macho, jicho moja lilikuwa limezimika na la pili lilikuwa limebakiza kijitundu cha kuonea. Daktari alimweleza kwa upole kwamba hakuna cha kutoa. Alikufa akiwa kipofu kabisa, na mpaka mwisho aliamini kwamba alichelewa upasuaji wa mtoto wa jicho.

Mtoto wa jicho ni ukungu kwenye lenzi. Lenzi hutolewa, ya plastiki huwekwa, mtu huona tena, hata kama alingoja miaka. Glaukoma haiko kwenye lenzi. Kilichopotea hakirudi kwa upasuaji wowote, na kila mwezi wa kungoja ni mwezi wa kupoteza. Duniani kote mtoto wa jicho ndiye anayeongoza kwa kupofusha, glaukoma inafuata, na miongoni mwa upofu usioponyeka glaukoma inaongoza. Mtu anaweza pia kuwa na yote mawili kwa pamoja, jambo linalotokea sana kwa wazee.

Siku hizi, kwa bahati nzuri, hata mtoto wa jicho haungojwi uive. Kwa hiyo hakuna sababu yoyote ya mtu mwenye macho yanayofifia kukaa nyumbani akingoja.

Nani anapaswa kupimwa?

Yeyote aliyefika miaka 40. Watu wenye asili ya Afrika hupata glaukoma mapema zaidi na huenda kwa kasi zaidi kuliko watu wengi wengine. Pili, na hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote: ndugu wa damu wa mgonjwa. Kama baba, mama, kaka au dada yako anayo, hatari yako imepanda mara kadhaa, nawe usingoje 40. Mama alipothibitishwa, tuliwapigia simu ndugu zake wote. Wanne walikubali kupimwa. Mmoja, mama mdogo anayekaa Nakuru, alikutwa nayo ikiwa changa kabisa, na leo anaona vizuri na anaendelea na biashara yake ya nguo.

Wengine ni wenye kisukari, wasioona mbali kwa kiwango kikubwa, waliowahi kupigwa jichoni kwa ngumi, mpira au tawi, na waliotumia dawa za steroidi (za kutuliza mwasho na uvimbe) kwa muda mrefu.

Nakuru ina nafasi yake katika habari hii. Mwaka 2007 na 2008 watafiti walizunguka wilaya ya Nakuru ya wakati huo wakapima macho ya watu 4,414 wenye miaka 50 na zaidi. Takriban 4 katika kila 100 walikuwa na glaukoma, na wengi wao hawakuwa wanajua. Ukiwa kanisani Jumapili na wazee mia moja wa umri huo, hesabu mwenyewe.

Huku kwetu kuna hospitali ya macho ya Sabatia katika Vihiga, kuna vitengo vya macho katika hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu, ile wenyeji wanayoiita Russia, katika ile ya Moi Eldoret, na katika hospitali ya rufaa ya kaunti ya Nakuru. Kila mwezi Machi huwa na wiki ya glaukoma duniani, na mara nyingi kliniki hupima bure siku hizo. Sikiliza redio.

Macho huniwasha, huwa nanunua matone ya kemisti na yananisaidia sana. Kuna ubaya?

Angalia jina la dawa iliyomo. Kama ni deksamethasoni, betamethasoni au prednisoloni, hiyo ni steroidi. Hutuliza mwasho haraka sana, na kwa sababu hiyo hupendwa. Lakini kwa watu wengine hupandisha presha ya jicho ndani ya wiki chache, na wakiendelea miezi na miaka hupofuka kwa glaukoma iliyoletwa na chupa. Wanaoumia sana ni watoto na vijana wenye mzio wa macho, wale ambao macho huwasha kila msimu wa vumbi na kila maua yakichanua. Mama mmoja benchini alikuwa amemtilia mwanawe dawa ya namna hiyo tangu darasa la nne mpaka kidato cha pili. Alikuwa mzazi mwangalifu. Alinunua kila chupa ilipoisha.

Steroidi si sumu. Baada ya upasuaji na katika magonjwa fulani ndiyo inayookoa jicho. Ila itumike kwa muda uliopangwa na presha ikipimwa. Usinunue chupa ya pili kwa karatasi ya zamani. Mpako wa kuchubua ngozi wenye steroidi nao, ukipakwa karibu na macho kwa muda mrefu, unaweza kufanya vivyo hivyo.

Nimepewa matone. Nitayatumia mpaka lini?

Kwa kawaida, maisha yako yote, au mpaka daktari abadilishe njia. Hapa ndipo wengi huanguka. Chupa ikiisha na mtu haoni tofauti, hudhani amepona au dawa haifanyi kazi. Hutaona tofauti. Kazi ya dawa ni kulinda kilichobaki. Utafiti wa Sweden ulionyesha kwamba kila milimita 1 ya presha inayoshuka hupunguza hatari ya ugonjwa kuendelea kwa takriban asilimia 10, na hilo hulisikii jichoni.

Namna ya kutia ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Nawa mikono. Inua uso, vuta kope la chini lifanye kimfuko, dondosha tone 1 tu. La pili hufurika shavuni, maana jicho halina nafasi. Ncha ya chupa isiguse jicho. Funga macho taratibu bila kukaza, bonyeza kwa kidole kona ya ndani karibu na pua kwa dakika 2 au 3, ili dawa isiteremkie puani na kuingia kwenye damu. Kama una dawa mbili, acha dakika 5 hadi 10 katikati. Mama mikono humtetemeka, kwa hiyo hulala chali na mjukuu humtilia. Wamefanya hivyo kila jioni kabla ya taarifa ya habari, na tangu wapange saa hiyo hawajakosa hata siku moja.

Aina moja ya matone, timolo, hupunguza utengenezaji wa maji. Ina bei nafuu, lakini mwenye pumu au moyo unaopiga polepole anaweza kudhurika vibaya, hata kifua kubana. Sema una pumu kabla hujaandikiwa. Aina nyingine, latanoprosti, husaidia maji kutoka na hutiwa mara moja, jioni. Hurefusha kope na inaweza kuongeza weusi wa jicho. Jicho jekundu kidogo mwanzoni ni kawaida. Chupa ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji. Ikishafunguliwa hukaa nje penye ubaridi kiasi kwa wiki 4 hadi 6 kulingana na maelekezo yake, kisha hutupwa hata kama imebaki. Asiye na friji anunue chupa moja moja kwa mfamasia anayeaminika, asiirundike kwenye nyumba ya mabati.

Kuhusu gharama: mwambie daktari ukweli. Kuna dawa za bei mbalimbali, na afadhali dawa nafuu unayoitia kila siku kuliko ya bei kubwa unayoitia nusu mwezi. Nimewaona watu wakinyamaza kwa aibu, kisha presha inapanda na daktari anadhani dawa imeshindwa.

Leza je? Nasikia inaponya.

Haiponyi, lakini inashusha presha, na kwa maoni yangu tunapaswa kuisikia zaidi. Leza hii ni mwale wa mwanga unaoelekezwa kwenye kile kichujio ili kipitishe maji vizuri. Huchukua dakika chache, unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Jirani zetu wa Tanzania waliijaribu Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, wakailinganisha na matone ya timolo. Baada ya mwaka 1, leza ilifanikiwa kwa asilimia 61 ya macho, timolo kwa asilimia 31. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Kwa mtu anayetoka mbali na ambaye chupa ya kila mwezi ni mzigo, hiyo ni tofauti kubwa. Nguvu yake inaweza kupungua baada ya miaka, na inaweza kurudiwa. Uliza kama kituo chako kinayo au wapi watakutuma.

Na upasuaji?

Hufanywa pale dawa au leza zisipotosha, au mtu anapofika ugonjwa umekwenda mbali. Daktari hufungua njia mpya ya maji kutokea, iliyofichwa chini ya kope la juu. Lengo ni kuzuia, si kurudisha uoni, na mtu aambiwe hivyo kabla hajaingia. Wengi wanaosema "walimharibu kwa upasuaji" walitarajia kuona zaidi. Siku za kurudi baada ya upasuaji zishikwe zote, kwa kuwa njia hiyo inaweza kuziba kwa kovu, na wiki za mwanzo ndizo za kuiokoa.

Jicho limeuma ghafla, kichwa kinapasuka, natapika. Ni malaria?

Kama jicho ni jekundu, limekuwa gumu, unaona ukungu na miviringo ya rangi kuzunguka taa, nenda hospitali usiku huohuo. Hiyo inaweza kuwa glaukoma ya pembe kufunga ghafla, yaani njia ya kufikia kichujio imezibika kwa mara moja. Si nyingi kwetu kama ile ya polepole, lakini jicho linaweza kupotea kwa muda mfupi. Mwambie wazi anayekupokea kwamba maumivu yameanzia jichoni, usije ukapewa dawa za malaria na kurudishwa.

Watoto wachanga hupata?

Ndiyo, wachache. Macho makubwa kuliko kawaida, konea yenye ukungu, kutoka machozi, na mtoto kuficha uso akiona mwanga. Watu husifu, "mtoto ana macho makubwa mazuri." Mpeleke wiki hiyohiyo.

Kuna kitu cha kula, au mitishamba, au bangi kama wanavyosema?

Hakuna chakula kilichothibitika kushusha presha ya macho. Karoti na mboga ni nzuri kwa mwili, mpe mzee ale. Usitie jichoni majani yaliyopondwa, maziwa ya mama, mate wala mkojo. Huleta vidonda vya konea, na sasa una magonjwa mawili. Bangi hushusha presha kwa saa 3 au 4 tu, ambapo wewe unahitaji saa 24. Maombi omba, hata mimi naomba, na mchungaji wetu mwenyewe humkumbusha mama matone.

Kazi ya shamba na mazoezi haviharibu. Kutembea kwa haraka kunasaidia kidogo. Epuka kusimama kwa kichwa, na usinywe lita nzima ya maji kwa mkupuo, kunywa kidogo kidogo.

Jicho moja limekwisha. Kuna haja gani ya kuhangaika?

Haja ni jicho la pili, na hata lile la kwanza kama bado linatambua mwanga au kivuli cha mkono. Mtu anayeona mlango ulipo anaweza kwenda choo mwenyewe usiku. Usimwache mtu akuambie hiyo ni kitu kidogo, mwulize aliyekipoteza.

Siku ya kliniki niende na nini?

Chupa zote unazotumia, pamoja na dawa za presha ya damu, kisukari na pumu. Kadi ya zamani, maana daktari anataka kulinganisha neva ya leo na ya mwaka jana. Tia matone yako asubuhi kama kawaida, isipokuwa umeambiwa usitie. Wengine huacha "ili daktari aone ugonjwa", na namba inayopatikana humpotosha. Andika presha ya kila jicho, la kulia na la kushoto, na tarehe. Mama ana daftari la mraba la shilingi chache, na ukurasa wake wa kwanza una 31 na 28. Wa mwezi uliopita una 14 na 13.

Kisha, kabla hujatoka chumbani, uliza mambo mawili: presha unayolengwa kufikishwa wewe ni ngapi, na ndugu zako waje lini kupimwa.